Bima ya Duka: Tusome Jedwali Kabla ya Kulipa

Karibuni, watazamaji. Bidhaa ninayoichambua leo ni bima mseto ya biashara ndogo, ile ambayo kampuni za bima hapa Tanzania huwauzia wenye maduka, saluni na karakana, ikiwa imekusanya ndani ya mkataba mmoja kinga ya moto, wizi wa kuvunja, fedha taslimu, uaminifu wa wafanyakazi na dhima kwa wateja, yaani wajibu wa kumfidia mteja aliyepata madhara kwa sababu ya biashara yako. Nitaitazama kwa macho ya mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye duka la vitenge. Msimamo wangu nautoa mapema: ni bidhaa nzuri, lakini wengi wetu huichagua kwa kulinganisha ada peke yake, ilhali kinachoamua kama utasimama tena baada ya janga ni ukurasa mmoja unaoitwa jedwali la bima.

Ukurasa wenyewe ni huu. Naomba muutazame kwa karibu. Safu ya kwanza inataja mali, ya pili mahali ilipo, ya tatu thamani iliyokatiwa bima. Tuanze na hiyo ya tatu. Tuseme dukani una bidhaa za shilingi milioni 60, lakini ili ada ipungue ukaandikisha milioni 30, kisha moto ukateketeza bidhaa za milioni 20. Wengi hudhani watalipwa milioni 20 zote kwa kuwa hazijafika 30. Sivyo. Mikataba hii huwa na kanuni ya wastani: uliyekatia bima nusu ya mali unahesabiwa kuwa umeibeba nusu nyingine ya hatari mwenyewe, hivyo fidia yako inakuwa milioni 10, na humo bado hukatwa kile kiasi ambacho mkataba unamtaka mkatabima akibebe mwenyewe katika kila dai. Wakala anayekushauri uandike thamani ndogo ili ada iwe nafuu hakutendei wema hata kidogo.

Ugumu ni kwamba mzigo wa duka hautulii. Kuelekea Idi na Krismasi stoo hujaa hadi darini, na baada ya sikukuu hubaki marobota machache. Andikisha thamani ya kipindi ambacho mzigo ni mkubwa kabisa, au uombe mkataba unaokuruhusu kutoa taarifa ya thamani ya bidhaa kila mwezi, na ada irekebishwe mwishoni mwa mwaka.

Sasa safu ya pili, mahali. Duka liko Mtaa wa Kongo, lakini marobota yamehifadhiwa stoo Mtaa wa Narung'ombe. Kama jedwali limetaja Kongo pekee, mzigo wa Narung'ombe hauna kinga. Vilevile, bima aliyokata mwenye jengo inalinda jengo lake. Vitenge vyako havimo.

Kuhusu majanga, someni orodha neno kwa neno. Kinga ya msingi ya moto hutaja moto, radi na aina fulani za milipuko, na mafuriko huongezwa kwa maombi na kwa ada ya ziada, jambo ambalo mwenye biashara karibu na Bonde la Msimbazi hapaswi kuliacha. Soko Kuu la Kariakoo liliungua Julai 2021, na Novemba 2024 jengo la ghorofa likaporomoka palepale Kariakoo. Kuporomoka si kuungua. Kwa hiyo ulizeni, na jibu mlipate kwa maandishi, kama mkataba unalipia mali iliyofukiwa na kifusi.

Kinga ya wizi nayo hudai alama za kuvunja: kufuli lililokatwa, mlango uliong'olewa. Mzigo unaopungua kidogokidogo kwa mkono wa msaidizi wa duka hauingii hapo, bali katika kinga ya uaminifu wa wafanyakazi, ambayo binafsi naiona ya thamani kwa yeyote asiyeshinda dukani mwenyewe. Ajali za wafanyakazi kazini zinashughulikiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mwajiri anawajibika kuuchangia kisheria, kwa hiyo msiisahau kinga hiyo mkaja kuilipia mara mbili.

Siku ya dai utaombwa ripoti ya polisi au ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, pamoja na uthibitisho wa mali uliyokuwa nayo. Tazameni risiti hii ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti: maandishi yamefifia kiasi kwamba jumla haisomeki. Zipigeni picha risiti za manunuzi siku ileile, na daftari la stoo liwe na nakala nje ya duka, kwa maana moto hauchagui kati ya vitenge na karatasi.

Mkisharidhika, lipeni ada yote kabla ya kuhesabu kwamba mna kinga, kwani ahadi ya kulipa wiki ijayo haiwashi mkataba. Kisha hakikini hati yenu katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, kabla wakala hajaondoka dukani. Dai likikataliwa kwa sababu msiyoiafiki, mlango wa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima uko wazi. Mnapokwenda, bebeni jedwali, stakabadhi ya ada na barua ya kukataliwa.