Oveni ndogo ya umeme ya Kariakoo, kwa sisi tunaooka huku tunafuma

Jamani kama mpo kwenye kufikiria kununua hizi oveni ndogo za umeme za kuweka juu ya meza, zile zimejaa Kariakoo kila duka la vyombo vya umeme, naomba mnisome kwanza maana nimekaa nayo tangu kabla ya Ramadhani na nimeichosha vya kutosha. Ya kwangu ni ya lita 45, nyuma imeandikwa wati 1500, ina vyuma viwili vya moto juu na viwili chini, kitufe cha kuchagua moto wa juu peke yake au wa chini peke yake au wote, na saa ya kuzungusha ambayo muda ukiisha inalia ting. Jina la kampuni silitaji, na wala halitakusaidia, kule utazikuta zinafanana kama mapacha kila moja na jina lake kwenye boksi.

Bei nilianziwa laki moja na themanini. Tukavutana vutana, nikatoka nayo kwa laki na nusu na trei moja ya ziada juu. Ila bei sio kitu cha kukuumiza kichwa, cha kukuumiza kichwa ni kuondoka na boksi ambalo hujalifungua. Yule kaka alitaka kunipa lililofungwa bado na gundi ya kiwandani, eti mama hii mpya kabisa haijaguswa, nikamwambia kaka yangu upya nauona ila iwake kwanza. Akaichomeka pale pale, vyuma vya chini vikawa vyekundu vyote viwili, juu kikawaka kimoja kingine kimya. Hakubisha, akamtuma kijana stoo akaleta nyingine, vyuma vikawaka vyote vinne. Sasa piga picha ningekuwa nimeshafika Tabata na risiti yangu imeandikwa mali ikishauzwa hairudi! Ukishaona vyuma vyote vimewaka bana karatasi kwenye mlango ufunge, halafu ivute, ikitoka kirahisi rahisi ujue na joto litatokea hapo hapo.

Na plagi. Nyingi zinakuja na plagi ya pini mbili za duara, sisi soketi zetu za pini tatu bapa, dukani watakupa kiadapta cha buku mbili uende zako. Usifanye hivyo, oveni ni bati tupu nje na adapta nyingi za namna hiyo hazipitishi ethi, ule waya wa kukukinga na shoti, muite fundi umeme akuwekee plagi ya pini tatu kama waya una nyaya tatu ndani, kama zimo mbili tu usiichukue oveni hiyo. Na usiichomeke kwenye ekstensheni moja na friji na birika, ile waya ya ekstensheni za bei chee inapata moto mpaka inanuka.

Haya, umeme. Hili ndo swali la kwanza kila mtu akiiona jikoni, wifi yangu hata hajakaa, "inakula LUKU kiasi gani hiyo?" Hesabu ni nyepesi. Wati 1500 ikiwaka saa nzima bila kupumzika ni uniti moja na nusu, na haiwaki saa nzima maana joto likifika inakata yenyewe halafu inarudi. Mie niko kwenye bei ya shilingi 350 na ushee kwa uniti, kwa hiyo keki ya dakika 50 ukijumlisha na dakika 10 za kuipasha kwanza haiwezi kuzidi shilingi 550. Kwa mkaa nilikuwa namaliza kisado na keki bado mbichi katikati. Ila wewe ambaye bado uko kule kwenye shilingi 100 kwa uniti, kule kwa wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, kaa chini upige hesabu vizuri: saa moja kila siku ni uniti 45 kwa mwezi, weka friji, weka pasi ya sare za shule, umeshavuka na utahamishwa.

Sasa niseme kilichonifanya niipende, na sio keki. Keki nilikuwa naoka kabla, kama wengi wetu tulivyofundishwa na mama zetu, sufuria kubwa, mchanga chini, bati la keki ndani, mfuniko, makaa juu ya mfuniko. Inatoka keki nzuri tu tena tamu. Shida yake haikupi nafasi ya kukaa. Unapepea, unapunguza makaa ya chini, unapalia ya juu, unafunua kuchungulia jivu linadondokea kwenye keki, unafunika, mikono myeusi mpaka kwenye kiwiko na moshi machoni. Na mie ni mtu wa kufuma. Sasa uzi mweupe wa kofia ya mtoto mchanga unaushikaje na mikono ya mkaa? Kwa hiyo siku ya kuoka ilikuwa ya kuoka na siku ya kufuma ya kufuma, na kwa nyumba yenye watoto watatu siku ya kufuma ilikuwa haifiki. Hii oveni nikishaingiza bati nikazungusha saa, nanawa, nakaa kwenye kochi la karibu na dirisha, nachukua sindano zangu, na nina dakika 50 ambazo hakuna wa kunituma kitu kwa sababu "mama anaoka". Baba watoto hajashtuka mpaka leo kwamba kinachooka ni oveni.

Ndani ya hizo dakika nimemaliza kofia mbili na soksi za mtoto wa wifi, na sasa niko kwenye sweta la mama mkwe yuko Lushoto, kule mwezi wa sita na wa saba baridi sio utani. Watu huwa wananishangaa, unafuma sweta Dar es Salaam hili joto lote? Jamani sio kila tunayempenda anaishi Dar. Na hata kwa hapa hapa kuna vya kufuma, ila uzi ndo unabadilika. Kwa mtoto wa huku chukua uzi wa pamba, unapitisha hewa, akriliki atatoka jasho mpaka vipele. Kwa Lushoto sufu, au mchanganyiko wenye sufu, maana sufu inavutika na inarudi, pamba ukiifumia sweta zito linaning'inia chini mpaka magotini.

Na msiamini lebo. Kariakoo utapewa bunda limeandikwa pamba asilimia mia na sio pamba wala binamu yake. Kata kipande kidogo, washa kiberiti ukichome kwenye sinki: pamba inaungua inanuka karatasi inaacha jivu laini, sufu inanuka nywele zilizoungua, akriliki inayeyuka inakuwa kidonge kigumu cheusi. Nalisema hili hapa kwenye habari za oveni kwa sababu vitu vya kwanza nilivyofuma baada ya kuinunua ni vishikio vya kutolea bati, na kishikio cha akriliki kinaweza kukuyeyukia kwenye bati la moto na kukuganda kidoleni. Vya kwangu ni pamba, uzi mara mbili kwenye sindano za milimita 4 ili vitanzi vikae karibu karibu, vipande viwili nimevishona pamoja, na sharti viwe vikavu, kikilowa tu joto linapita moja kwa moja. Ni kazi ya jioni moja na ukimpelekea mtu kwenye kitchen party anaona umemjali kuliko yule wa hotpoti ya tatu.

Turudi kwenye lawama maana zipo. Joto lake linadanganya. Ukiweka kitufe 180 ndani haipo 180, ya kwangu inapitiliza, nilijua nilipoweka kipima joto kidogo cha chuma cha kuning'iniza humo humo ndani, kinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya keki na nashauri ununue siku ile ile ya oveni. Mie sasa naweka 160 ndo napata 180 yangu. Halafu haichomi sawa kila pembe. Panga slesi za mkate wavu mzima, washa moto wote, subiri mpaka ziive rangi, toa uangalie: za kwangu za nyuma kushoto zilikuwa kahawia na za mbele karibu na mlango nyeupe kabisa. Ndo ramani ya oveni yako hiyo. Kwa hiyo skonsi nikifika katikati ya muda nageuza trei, nyuma inakuja mbele, na hapo inabidi uweke sindano chini, ndo usumbufu wenyewe, unahesabu vitanzi 48 umefika 31 saa inalia ting.

Keki ya kawaida ya siagi inatoka vizuri ukiiweka wavu wa chini kidogo ya katikati. Mkate wa mayai pia. Skonsi ni nzuri sana, na kwa joto la Dar hamira haihitaji kubembelezwa, mwezi wa pili donge linaumuka kabla hujapata muda wa kuosha bakuli. Vileja ndo vimenishangaza, unga wa mchele, samli, sukari, hiliki, yai, kwenye mkaa vilikuwa vinaungua chini juu vikiwa vibichi, humu vinatoka vyeupe vizuri na mpasuko wake juu, ila ukivitoa usiviguse kwanza, vya moto vinavunjika vyote, viache vipoe kwenye trei.

Mkate wa kumimina nao nitasema ukweli. Mchele nauloweka usiku kucha, nausaga na tui zito mpaka nikipitisha vidole sisikii chenga, hamira, sukari, hiliki, ute wa yai, unaumuka, namimina kwenye bati lililopakwa mafuta na kushika moto. Kwenye oveni naanza na moto wa chini peke yake mpaka uanze kushika, halafu nawasha na wa juu upate rangi. Unatoka, una matundu yake ndani, watoto wanaumaliza wa moto. Lakini mama yangu alipokuja akakata kipande, akatafuna taratibu, akasema "mzuri mwanangu, ila umekosa makaa." Na ni kweli, ule wa kupaliwa makaa juu una harufu yake ambayo umeme hauna. Kwa hiyo Idd bado nawasha mkaa kwa ajili ya mkate wa mama, mengine yote yanaenda humu.

Kitu kingine, bati la nje linakuwa la moto sana, juu na pembeni, kwa nyumba yenye mtoto anayetambaa iweke kwenye meza ndefu na usiisogeze ukutani kabisa, iache ipumue. Kioo cha mlango kinashika mafuta ukioka kuku na kuyatoa ni kazi. Trei ya chenga ya chini nyepesi mno imeshapinda. Na pima mabati yako kabla hujaenda, mie natembea na futi kwenye pochi sababu ya kufuma, nikapima tundu pale pale dukani, lile bati refu la skonsi la mama likawa haliingii kwa vidole viwili hivi, nikanunua jingine dogo nikijua. Lita 45 inasikika kubwa ila ni keki moja ya kilo na nusu, au trei moja ya skonsi za familia ya watu sita na mgeni mmoja.

Umeme ukikatika keki iko ndani, usifungue mlango. Joto linakaa muda, mara nyingi umerudi keki haijaanguka. Ukichelewa sana basi mtakula ya kushuka katikati, watoto hawajawahi kukataa.

Nyota naipa nne kati ya tano, nyota moja imeliwa na kile kitufe cha joto. Kwa anayeokea familia na ana kitu cha kufanya na mikono yake wakati inaiva, chukua. Kwa anayetaka kuanza biashara ya keki za sendoff na harusi, hii itakutesa, utaoka tabaka moja moja usiku mzima, jichange ununue ya gesi ya kusimama. Ya lita 20 na kitu hivi msihangaike nazo, chuma cha juu kiko karibu sana na keki inaungua kichwa kabla haijaiva. Ukienda Kariakoo nenda asubuhi kabla ya saa nne, wauzaji wana subira ya kukujaribishia, na boksi lenyewe ni kubwa sio la kubebana nalo kwenye mwendokasi, tenga na hela ya bajaji.