Kabla ya Aqua nilikuwa na Mark II: uzoefu wangu wa miaka mitatu na haibridi

Watu wakiniona na Toyota Aqua yangu, gari la haibridi, yaani la petroli na umeme kwa pamoja, huuliza, "Hicho kinakwenda kilomita ngapi kwa lita?" Na mimi huwarudishia swali: wewe unaendesha nini sasa hivi? Wengi hudhani nakwepa. Sikwepi. Kilomita 20 kwa lita ni habari kubwa au habari ndogo kutegemea umetoka kwenye gari gani. Hilo nimelijua baada ya kupitia magari matatu kabla ya hili, na baada ya kuwaona ndugu na majirani wakihamia haibridi, wengine wakicheka, mmoja akinuna hadi leo.

La kwanza lilikuwa Corolla 110, namba A, nililonunua mkononi kwa mwalimu aliyekuwa anahamishwa mkoa. Vioo vya kuzungusha, kiyoyozi kilishakufa zamani, lakini ile injini ya 5A ya cc 1500 fundi yeyote wa chini ya mwembe aliifahamu. Ilinipa kama kilomita 12 kwa lita na wala sikujua kwamba hiyo ni neema. Siku hizo sikuwa napima. Mafuta yakiisha unaweka, maisha yanaendelea.

Lililofuata silitaji jina. Lilikuwa gari la juu juu, nililipendea umbo, na kati ya miezi kumi na minne niliyokaa nalo, karibu nusu lilikuwa gereji. Tuliachana bila kuagana.

Halafu ikaja Mark II. GX110, rangi ya fedha, namba B. Aliyewahi kuimiliki hahitaji kusimuliwa. Silinda sita zimepangwa mstari mmoja, cc 2000, msukumo unatoka magurudumu ya nyuma, na viti ukikaa hutamani kushuka. Ilikwenda kwenye harusi tatu za ukoo, na mara zote tatu ilirudi na mabaki ya riboni na tanki tupu. Tanki lenyewe ni la lita 70. Nadhani nililijaza mara mbili tu katika miaka yote ile. Nilikuwa mtu wa "weka ya elfu ishirini", na vijana wa sheli ya Mbezi walishanizoea, nikifika tu mmoja ananyoosha vidole viwili kuuliza kama ni zile zile.

Nakaa Mbezi, kazi iko Posta. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 50, na kipande kutoka Kimara kuingia mjini asubuhi si barabara, ni maegesho yanayosogea. Mark II kwenye foleni ile ilinipa kilomita saba na nusu kwa lita. Nikitoka nayo safari ndefu ilifika 11 na kidogo, na hapo ndipo unapoona kwamba gari halina kosa, kosa ni kulisimamisha Manzese dakika arobaini injini ikiwa inaunguruma.

Mwaka 2022 petroli ikavuka shilingi 3,000 kwa lita. Nikaanza kuisubiri ile Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wanapotangaza bei kikomo, kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo. Nikachukua daftari. Siku 22 za kazi mara kilomita 50 ni kilomita 1,100 kwa mwezi. Kwa saba na nusu hizo ni karibu lita 147, na kwa shilingi 3,200 nilikuwa namwaga kama shilingi 470,000 kwa mwezi ili nifike ofisini. Ndipo nikaanza tabia za ajabu: kuzima kiyoyozi Januari, kuweka gari free, yaani gia ya N, kwenye mteremko wa Kimara kuja Ubungo, kumwambia mama watoto atembee hadi barabarani nimchukue pale pale. Ile free ya mteremkoni mtaiona tena hapo chini.

Oktoba mwaka huo niliiuza Mark II kwa kijana wa Goba na kununua Aqua namba D, toleo la 2013, dashibodi ikisoma kilomita 96,000. Kama ni kweli, Mungu anajua na dalali anajua.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya vichekesho. Unabonyeza kitufe, hakuna mlio, neno READY linawaka kijani, na mtu uliyezoea kusikia silinda sita unabonyeza tena na gari linazima. Siku ya kwanza kujaza tanki, pampu ilikata kabla ya lita 32 nikaanza kumgombeza kijana kwamba mashine yao imeharibika. Tanki la Aqua ni lita 36 tu. Nililipa, nikaondoka kimya.

Sasa matokeo. Njia ile ile, foleni ile ile, kiyoyozi kikiwaka muda wote: napata kati ya 19 na 22. Tuchukue 20. Kilomita 1,100 ni lita 55, yaani shilingi 176,000. Mark II ilikuwa inanila karibu laki tatu zaidi kila mwezi. Siri iko kwenye foleni yenyewe. Aqua ina injini ya cc 1500 na mota ya umeme. Ukisimama injini inazima, ukisogea mita kumi inasogea kwa umeme wa betri, na ukikanyaga breki mota inageuka jenereta na kurudisha umeme uliokuwa unapotea kama joto. Mark II iliteketeza mafuta mahali ambapo Aqua inapumzika. Na kwa sababu hiyo hiyo padi za breki za mbele nimebadilisha mara moja tu kwa miaka mitatu.

Ila miezi miwili ya mwanzo nilikuwa napata 16 na nikaanza kuhisi nimepigwa. Kumbe ilikuwa ile free. Nilikuwa bado naweka N mteremko wa Kimara kwa mazoea, na haibridi ikiwa N haichaji betri. Yaani mteremko mzima ambao ungenijazia umeme wa bure niliutupa, nikifika foleni ya Ubungo betri iko chini, injini inawaka kuichaji. Mark II ilinifundisha ubahili ambao Aqua ilikuwa inaniadhibu kwa sababu yake. Iache kwenye D, toa mguu kwenye mafuta, basi.

Safari ndefu ni hadithi nyingine. Tulikwenda Iringa watu wanne na mizigo. Kupanda mlima wa Kitonga, betri iliishiwa katikati, injini ikabaki peke yake inalia kama mashine ya kusaga, na malori yaliyotupisha yalitupisha kwa huruma. Hapo niliikumbuka Mark II kwa jina lake kamili. Wakati wa kurudi, kushuka, betri ilijaa haraka, na ikishajaa injini inaanza kuzunguka yenyewe kwa kelele. Usishtuke, ni gari linatafuta pa kupeleka nguvu iliyozidi. Weka gia ya B, ile ya kushukia milima injini ikisaidia breki, shuka taratibu. Safari nzima ilitoka 19 kwa lita. Si haba, lakini pengo na gari la kawaida barabara kuu ni dogo kuliko mjini, na kama kazi yako ni Dar na Mbeya kila wiki ningekuambia ufikirie mara mbili.

Tatizo moja kubwa nililopata nilijitakia. Jioni moja Manzese nilisikia feni inapiga kelele nyuma, gari likapoteza nguvu, pembetatu nyekundu ya onyo ikawaka kwenye dashibodi. Fundi wa kwanza hakuifungua hata kidogo, akasema betri kubwa, ile ya mota ya umeme, imekufa, niandae milioni mbili na nusu. Nilikaa usiku nikihesabu. Kesho yake nikaelekezwa kwa kijana mmoja Ilala anayejishughulisha na haibridi tu. Akainua kiti cha nyuma, akatoa feni ya kupoza betri, na vumbi lililoshuka pale lilikuwa kama ungo wa pumba. Njia ya hewa iko huko nyuma, usawa wa kiti, na mimi nilikuwa naiziba kila siku kwa mkoba wa shule na sweta za watoto, huku barabara yetu ya mtaani ikiwa ni vumbi tupu. Akapuliza kwa upepo, akasafisha, akapima vipande vya betri kimoja kimoja kwa mashine, vyote viko sawa. Nililipa shilingi 60,000. Sasa nasafisha kila baada ya miezi sita na watoto wamekatazwa kuweka kitu pale.

Jambo jingine, kiyoyozi. Kompresa yake inaendeshwa na umeme wa betri kubwa na inatumia oili yake maalumu. Ukiwekewa oili ya kompresa za kawaida unaweza kuleta hitilafu ya umeme. Kwa hiyo yule fundi wa gesi wa barabarani, ambaye kwa Mark II alikuwa rafiki yangu, hapa namsalimia tu.

Mbali na hayo gari liko chini, linaparuza matuta ya mtaani, na kiti cha nyuma watu wazima watatu watagombana.

Turudi kwenye swali langu la mwanzo. Dada yangu alikuwa na Vitz ile ya zamani ya cc 1000. Anakaa Sinza, anafanya kazi Mwenge. Aliposikia hesabu zangu akauza, akaongeza pesa ndefu, akachukua Fielder haibridi. Vitz ilikuwa inampa 15, Fielder inampa 18, kwa sababu safari zake ni fupi mno, injini inawaka kujipasha joto na kabla haijapata raha ya kuzima yeye ameshafika. Anatembea kama kilomita 300 kwa mwezi. Anaokoa lita tatu na kitu, shilingi elfu kumi. Nikienda kwake hanikaribishi chai kwa moyo mmoja.

Jirani yangu anayeendesha teksi za mtandaoni naye alitoka kwenye gari dogo, IST ya cc 1300, na yeye anacheka. IST ilimpa 12 kwenye foleni za Kariakoo na Mwenge, Aqua inampa 20, na kwa siku anapiga kilomita 180. Hizo ni lita 15 dhidi ya tisa, karibu shilingi 19,000 kila siku ya Mungu. Kwake yeye gari la zamani halikuwa baya. Ni kilomita ndizo zilizomlipa.

Je, naikumbuka Mark II? Kila nikipita tuta. Na kila inapofika Desemba watu wa ukoo wanapouliza gari la bwana harusi, macho hayanigeukii tena.

Aqua sasa inasoma kilomita 141,000. Betri ni ile ile niliyoikuta nayo. Siku nikiibadilisha nitaandika bei niliyolipa na nani aliyenifungia.