Uzoefu wangu: tua (ziara ya kutembezwa) ya mgodi wa Old Hundred (Silverton, Colorado, Marekani), kwa mtu aliyezoea maduara ya Chunya, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu

Kwa wenye haraka nawapa jibu kabisa, nendeni. Ila usiende kwa tamaa ya dhahabu, nenda ukaone mwamba na mashine, maana dhahabu utakayoshika pale ni ile ya kwenye karai huko nje, na ule mchanga umeshawekewa vipande vya madini makusudi ili watoto wasiondoke mikono mitupu. Mi nimekulia Makongolosi, huko Chunya, kwenye duara nimeshuka kabla sijapata hata kitambulisho cha kura, sasa kulipa hela ya Mmarekani kwenda kuona shimo niliona kama utani, ni shemeji yangu aliyekuja kututembelea kutoka Mbeya ndo aling'ang'ania twende.

Mgodi uko kusini magharibi mwa Colorado, kama kilomita 8 kutoka mji wa Silverton, ndani ya mlima unaoitwa Galena. Ukitokea upande wa Denver ni siku nzima ya kuendesha, na kile kipande cha kutoka Ouray kinapanda mpaka mita 3,358 pale Red Mountain Pass, sehemu kubwa barabara haina kingo za chuma na pembeni ni korongo tupu, shemeji aliyezoea kona za Kawetere kwenye njia ya Mbeya kwenda Chunya alikaa kimya mpaka tulipofika chini. Silverton yenyewe iko mita 2,840 hivyo ukifika usikimbie-kimbie, kichwa kitauma, kunywa maji mengi.

Pale mnapewa helmeti na koti la mvua, mnapanda kitreni cha betri, mnaingia kama nusu kilomita moja kwa moja ubavuni mwa mlima. Ndani ni baridi ya nyuzi 9 hivi, kiangazi na masika ni hiyo hiyo, na maji yanadondoka kutoka juu.

Sasa hapa ndo nilianza kuelewa kwamba hawa jamaa na sisi tumecheza mchezo tofauti kabisa. Kwetu duara linashuka wima, mita thelathini, arobaini, kila kiroba cha mawe kinapandishwa kwa kamba au winchi, na asubuhi kabla ya kazi unaanza na pampu kutoa maji yaliyojaa usiku. Wao njia yao ya kuingilia wanaichimba kwa kuipandisha kidogo sana kuelekea ndani, huwezi hata kugundua kwa macho, lakini kile kimwinuko kinatosha maji kutoka nje yenyewe kwa kimfereji pembeni ya reli, na behewa lililojaa linashuka kirahisi kwenda nje wakati tupu ndo linasukumwa kupanda. Halafu mwamba wenye madini hawaufuati kwenda chini, wanapita chini yake kisha wanachimba wakipanda juu, jiwe likilipuliwa linaanguka lenyewe mpaka kwenye mdomo wa mbao wenye kilango, wanafungua, behewa linajaa, wanafunga. Shemeji akaniuliza, "Shemeji, ina maana hawa hawajawahi kuvuta kamba?" Nikamwambia hapana, mlima ndo unawabebea. Akatikisa kichwa, "Basi sisi tumeonewa na ardhi." Na ni kweli kwa kiasi fulani, Chunya sehemu nyingi huna mlima mkali wa kuuingilia kwa pembeni hata ukitaka.

Mwongozaji wetu alikuwa mzee aliyewahi kufanya kazi migodini, na mashine anaziwasha kweli, sio maonyesho ya kubonyeza kitufe usikie sauti ya spika. Akawasha drili ya upepo wa kompresa ile yenye mguu, aisee, kifua chote kinatetemeka, kama una mtoto mdogo mzibe masikio. Kitu alichokionyesha ambacho sikitoi kichwani ni maji yanayotoka kwenye ncha ya chuma. Drili za zamani zilikuwa zinatoboa kavu, vumbi la jiwe lote linaingia mapafuni, wake za wachimbaji wakabaki wajane wakiwa bado vijana. Mwishoni mwa karne ya 19 jamaa mmoja wa Denver anaitwa Leyner akaanza kutengeneza drili ya chuma chenye tundu katikati, baadaye maji yakawa yanapita humo humo na vumbi linakuwa tope. Yaani zaidi ya miaka mia, na nenda Matundasi kwetu Chunya leo ukamwangalie anayepiga moko (patasi ya chuma) na nyundo, vumbi jeupe mpaka kwenye kope, puani kafunga kitambaa.

Mwamba wenyewe walipoumulika nikaomba nisogee. Ni mshipa wa jiwe jeupe la kwatsi, ndani yake kuna madoa meusi yanayong'aa yenye pembe kali, hiyo ndo galena, jiwe lenye madini ya risasi (lead), na ile njano inayodanganya washamba ni pairaiti. Dhahabu kwa macho hakuna. Habari yake ni kwamba karibu miaka milioni 27 iliyopita hapo palikuwa na volkano kubwa, ikatapika mpaka tumbo likawa tupu kisha paa likadidimia, yaani namna ile ile Ngorongoro ilivyopatikana. Ardhi kuzunguka ikapasuka nyufa, baadaye maji ya moto yenye madini yakapanda kwenye hizo nyufa, yalipopoa yakaacha kwatsi, fedha, risasi, zinki na dhahabu kidogo. Mwamba wetu wa Lupa, huko Chunya, ni mzee mno ukilinganisha, karibu miaka bilioni 2, huu wa kwao ni mtoto.

Historia ya mgodi wenyewe haina utajiri wa kutisha. Ndugu wa Kijerumani wa ukoo wa Niegold ndo walianza huko miaka ya 1870, mwaka 1904 kampuni ikaja na mtaji, ikajenga kinu cha kusaga mawe chini na nyaya za kushushia mawe kutoka juu, kufika 1908 biashara ikafa. Ukitoka nje inua macho, kuna bweni la wafanyakazi limebandikwa kwenye jabali zaidi ya mita 3,600 juu ya usawa wa bahari, watu walilala pale hadi kipindi cha theluji! Hilo handaki la treni ni la mwishoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Dixilyn ikapasua mlima kwa gharama kubwa na isipate dhahabu ya kulipa gharama hizo. Kwa hiyo leo anayelipa bili ni mtalii.

Mkiwa njiani angalieni rangi ya vijito, vingine ni vya chungwa kabisa. Ile pairaiti ikikutana na maji na hewa inatengeneza asidi inayoyeyusha metali. Agosti 2015 kwenye mgodi mwingine wa eneo hilo, Gold King, wakandarasi wa shirika la mazingira la serikali walikuwa wanachimbua mlangoni, maji yakafumuka, kama lita milioni 11, mto Animas ukawa rangi ya Fanta mpaka Durango. Mwenye mto karibu na karasha lake (mashine ya kusaga mawe ya dhahabu) afikirie hilo.

Tua inachukua kama saa moja na wanafungua miezi ya joto tu, theluji ikianza hakuna kitu, angalia ratiba kabla hujawasha gari. Vaa sweta chini ya lile koti. Mi naipa nyota 5. Chukueni tiketi ya asubuhi, maana mchana wa Julai na Agosti radi za huko milimani hazipigi hodi, na kuchekecha mchanga huku unapigwa na mvua ya mawe, hapana.