Mito ya barafu ya Larsen B: iliyopoteza kizuizi na iliyobaki nacho
Mapema mwaka 2002, bamba la barafu la Larsen B, lililokuwa likielea kando ya Rasi ya Antaktiki, lilivunjika katika wiki chache tu na kupoteza kilomita za mraba 3,250 hivi. Kipande cha kusini, katika ghuba ya Scar Inlet, kilisalia, na kwa maoni yangu ni vigumu kupata ulinganisho ulio wazi kuliko huu, kwa kuwa mito ya barafu (barafu ya nchi kavu inayoteremka polepole hadi baharini) iliyopoteza bamba na ile iliyobaki nalo ni majirani.

Mito ya Hektoria, Green na Evans, iliyoachwa bila bamba mbele yake, ilikuwa imeongeza mwendo hadi mara nane kufikia mwaka 2003, ilhali Flask na Leppard, iliyokuwa bado nyuma ya kipande kile, haikubadilika sana. Sababu ni kwamba bamba hukwaruzana na kingo za ghuba, na msuguano huo huizuia barafu ya nchi kavu isiteremke upesi. Bamba lenyewe, kwa kuwa tayari linaelea, haliinui bahari kwa kiasi kikubwa likiyeyuka. Kinachoiinua ni barafu iliyokuwa ikizuiliwa nyuma yake.