Wamenipigia kelele juu ya A Tribe Called Quest, halafu wanadai wameichangamsha

Imepita kitambo sasa na hasira haijaisha, acheni niandike.

Nilitaka albamu moja tu, The Low End Theory ya A Tribe Called Quest, kundi la hip hop la New York, ile ya 1991. Naendesha Noah ya Mbeya–Tukuyu, nyuma nina sabufa ya maana, na sijui albamu nyingine ya hip hop inayoifaa sabufa kama hiyo. Nikapeleka flashi kwa vijana wanaorusha nyimbo Mwanjelwa. Duka silitaji, wanajijua. Na msinianzie habari za hakimiliki: nionyesheni kwanza duka la hapa Mbeya lenye CD yake halisi, ndipo tuongee.

Wanaoijua wanajua inavyoanza. Besi peke yake, haina haraka, kisha Q-Tip, rapa wao, anaingia akikumbuka enzi za ujana wake, baba yake akimwambia hip hop inamkumbusha bebop, ile jazz ya zamani. Ngoma inasubiri kwanza. Mimi nikabonyeza, nikasikia mtu anafoka jina la duka na namba ya simu. Ndani ya wimbo! Nikaruka wimbo, yumo. Nikaenda Verses from the Abstract, ambako Ron Carter, mzee wa jazz aliyepiga na Miles Davis, anapiga besi kwa mkono wake mwenyewe. Yumo, namba juu ya vidole vya Ron Carter. Mama mmoja wa kushukia Kiwira akaniuliza, "Baba, huyo anayetaja namba ni mganga?"

Nikarudi.

"Mdogo wangu, hii sauti humu ni ya nani?"

Macho kwenye simu. "Ya ofisi hiyo, braza. Wateja wanaipenda."

"Mimi siipendi. Nitolee."

"Haitoki, imeshaungana na wimbo. Halafu mzee, ngoma zenyewe za kitambo, hazina hata mdundo. Nimekuchangamshia tu."

Kutoka braza hadi mzee, nimesimama palepale. Lakini uzee nimeupokea. Hazina mdundo? Hiyo albamu?

Na flashi yenyewe inapiga kwa alfabeti, kwa hiyo Excursions, mlango wa albamu, imekuwa ya tano, na Scenario, iliyowekwa mwisho makusudi ili rapa mgeni Busta Rhymes afunge kazi kwa kunguruma, imetupwa katikati.

Kwa hasira nilitaka niseme hata albamu yenyewe inasifiwa kupita kiasi. Ina pa kulegea. Skypager ni wimbo mzima wa kusifia peja, kile kidude cha kupokea ujumbe kabla ya simu za mkononi, leo nani anayo? Na The Infamous Date Rape, unaohusu ubakaji, naruka nikiwa na akina mama garini. Basi nyota tatu, nikasema. Halafu tukawa tunapanda kutoka Igawilo kuelekea Isyonje, ukungu umeshuka, ikaja Check the Rhime, Q-Tip na rapa mwenzake Phife wanarushiana mistari kama watu waliokua mtaa mmoja, na kweli walikua pamoja Queens, New York. Konda akaacha kuita abiria. Futa hizo tatu, ni tano. Phife amefariki tangu 2016, na hawa vijana wa duka bado wanamfokea marehemu. Tena ndani ya wimbo huohuo Q-Tip anaonya juu ya wajanja wa kampuni za kurekodi, na Show Business nzima ni ya kuwaanika matapeli wa biashara ya muziki. Nimeuziwa onyo na tapeli mwenyewe.

Sisemi hawajui kazi. Kwaya za mke wangu walizirusha palepale, safi, kwa mpangilio, bila sauti ya kutangaza duka. Nilitaka kuwasifu kwa hilo, kisha nikashtuka: kumbe kuiacha sauti nje wanaweza! Kwaya wanaogopa laana, A Tribe Called Quest hawana wa kuwatetea Mwanjelwa.

Sasa kijana anataka elfu mbili nyingine ili "aisafishe", ileile aliyoniapia haitoki. Nimemkatalia. Walioko Makambako au Iringa, kama kuna anayerusha nyimbo bila kujitangaza, niambieni. Flashi naipakia kwenye basi la asubuhi, na nauli yake nalipa mimi.