Klipsch La Scala na Heresy: mchele juu ya spika, na mahali pa kuanzia ukitaka kuziboresha

Mwangaluka wadau, karibuni tena Mwanza. Leo nina ugomvi na spika ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo tuingie moja kwa moja. Sogeza kamera hapa. Sogea tena. Hii ni La Scala, spika kubwa ya kampuni ya Klipsch, nimeilaza kwa ubavu, na juu ya huo ubavu nimemwaga kiganja kimoja cha mchele mkavu. Simu inatoa toni moja tu, hezi 80. Punje zimetulia, sivyo? Sasa napandisha polepole. 100. 120, zimeanza kutetemeka. 140. 150, haya, angalieni katikati! Zinaruka, zinakimbilia kingoni, pale katikati pamebaki peupe. Napandisha hadi 250, zimetulia tena.

Hicho ndicho kinachonikera. Ubao unaimba. Wufa, ile koni ya besi, imepiga noti yake, ikanyamaza, lakini ubavu bado unaendelea kutikisika, na mtikisiko huo unaangukia hapohapo penye gitaa la besi na sauti nzito ya mwanaume. Ukisikiliza rumba ya zamani, besi inakuja na mkia. Ngoma za bugobogobo ndiyo balaa kabisa: pigo la kwanza halijaisha, la pili limeshaingia, unabaki na mvumo mmoja mrefu.

Historia mnaijua, siirudii yote. Paul Klipsch, Hope, Arkansas, Marekani, kampuni ilianza 1946 na Klipschorn, spika ya kukaa kwenye kona ya ukuta. Heresy ikaja 1957, La Scala 1963. La Scala ni honi juu mpaka chini, yaani sauti inapita kwenye njia inayopanuka: twita, ya sauti kali, ni honi, midrenji, ya sauti ya kati, ni honi, na wufa ya inchi 15 imefichwa ndani, inapuliza kuelekea nyuma, hewa inagawanyika kushoto na kulia, kisha inatoka mbele kupitia njia mbili zinazopanuka. Heresy ni boksi dogo lililozibwa. Juu ina honi mbili, lakini wufa yake ya inchi 12 inapiga moja kwa moja kama spika nyingine yoyote. Kwa hiyo mtu akikuambia Heresy ni La Scala iliyopunguzwa, si kweli. Zinafanana usoni tu.

Na tofauti hiyo ina namba. La Scala inatoa desibeli 104 kwa wati 1 ukiwa mita 1. Heresy inatoa 96. Desibeli 8 ni zaidi ya mara 6 kwa nguvu ya amplifaya. Wale mlioko Ukerewe mnaotumia sola, nisikilizeni vizuri: bodi ndogo ya amplifaya yenye chipu ya TPA3116 kwenye betri ya volti 12 inakupa kama wati 8 hivi kwenye omu 8. Spika ya kisasa ya desibeli 86 kwa wati 1, ukiipa hizo wati 8, inaishia 95. La Scala inafika 113 kwa umeme uleule wa betri ileile. Hakuna subwufa ya dukani inayokaribia hapo. Ubaya wake ni kwamba mlio wa "shhh" wa amplifaya mbovu nao unasikika mpaka jikoni, na chaja ya laptopu ikiingiza mvumo wake utausikia wote. Kwenye honi, ubora wa wati ya kwanza ni muhimu kuliko wingi wa wati.

Turudi kwenye ubavu. Mbao za La Scala za zamani ni plaiwudi ya inchi robo tatu, yaani milimita 19, na kipande cha ubavu ni kipana hakina kitu cha kukishika katikati. Klipsch wenyewe walilijua hili: La Scala II ya 2006 ilitoka na mbao za inchi 1. Ugumu wa ubao unapanda kwa unene uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe mara tatu (unene × unene × unene), kwa hiyo kwa ubao wa aina ileile, kutoka 19 kwenda 25 unapata ugumu zaidi ya mara 2. Ni vizuri, lakini sisi wenye za zamani tunaweza kufanya vizuri zaidi kwa kuweka mhimili katikati.

Hivi ndivyo unavyofanya. Chungulia mdomo wa besi: kuna kile kiboksi cha katikati chenye wufa, na pande zake mbili kuna njia za hewa. Mhimili unatoka kwenye kiboksi hicho hadi ubavuni, umelala kama rafu, nusu ya kimo cha njia. Kwa nini nusu? Kwa sababu pale ndipo mbali zaidi na kingo zilizogundishwa, na ndipo mchele uliporuka zaidi. Kata kwanza kiolezo cha boksi la katoni. Usikisie, kwa sababu njia ni nyembamba nyuma na pana mbele, kipande chako kitakuwa na umbo la kabari. Kisha hamishia kwenye mninga mkavu wa milimita 25, au plaiwudi nzuri ya 18. Piga msasa kingo za mbele na nyuma ziwe mviringo, maana hewa inapita kwa kuambaa ubao, ukingo ndio unaoikata.

Gundi nyeupe ya mbao inatosha. Kwaruza kwanza rangi pale mhimili utakapokaa, gundi haishiki juu ya vanishi. Kipande kiingie kwa kusukumwa kidogo kwa kiganja, si kwa nyundo. Ukikigonga kwa nyundo unaupanua ubavu na viungo vya nyuma vinaachia. Kikiwa kilegevu hata kwa milimita moja, usijaze gundi ukadhani imeisha: kitagongana na ubao na utapata mlio wa "brrr" mbaya kuliko ule wa mwanzo. Kata kingine. Ni vipande viwili kwa kila boksi, vinne kwa jozi. Acha saa 24 kabla ya kupiga chochote. Na tafadhali, usipige skrubu kutokea nje. Unaharibu sura ya mbao, na siku ya kuuza bei inashuka.

Kuna mafundi wanaojaza sponji la godoro humo kwenye njia ili "kupunguza mwangwi". Hapana. Ile njia ndiyo honi yenyewe. Ukiiziba kwa sponji umeua kile ulichokinunua.

Boksi la pili hili hapa, lina mihimili tangu jana. Tutalipima mwishoni.

Sasa, kabla hamjaniandikia, kuna jambo la pili, nalo ni kapasita. Krosova, yaani saketi inayogawa sauti kati ya wufa, midrenji na twita, ya La Scala ya miaka ya 1970, ile inayoitwa AA, ina kapasita za makopo ya mafuta: moja ya mikrofaradi 13 kwa midrenji, na mbili za 2 kwa twita. Zikizeeka ukinzani wa ndani unapanda, twita inafifia, watu wanadhani imeungua. Mita ya kawaida inaweza kukusomea 13 safi kabisa na kapasita ikawa mbovu vilevile. Unahitaji kipimo kinachosoma ESR, yaani huo ukinzani wa ndani, vile vidogo vya kioo cha kijani vinavyopima transista pia vinafaa.

Usitoboe makopo hayo. Mafuta ya kapasita za wakati huo yanaweza kuwa na PCB, sumu ambayo Marekani ilipiga marufuku utengenezaji wake 1979. Ukikuta linavuja, vaa glavu, lifunge kwenye mfuko, lisikae karibu na chakula wala watoto.

Za kubadilisha ziko mjini hapahapa. Kapasita ya feni ya dari, imeandikwa CBB61, mikrofaradi 2, volti 450. Hiyo ni ya filamu ya polipropilini, inafaa twita bila wasiwasi. Ya 13 hutaipata dukani, lakini ya pampu ya maji CBB60 ya 12 ipo, ukiiunganisha sambamba na ya feni ya 1 umepata 13. Chukua mita dukani, pima kabla hujalipa, na nunua mpya, si ya kung'olewa kwenye mota. Ile nyeusi kubwa ya kuwashia mota, yenye mikrofaradi 100 na kuendelea, iache. Ni ya aina nyingine kabisa, haikujengwa kufanya kazi mfululizo.

Kitu kimoja watu wanakosea hapa. Ndani ya krosova kuna transfoma yenye namba 0 hadi 5, midrenji imefungwa kwenye 4. Mtu akiona sauti ya kati imezidi anahamisha waya kwenda 3, na inashuka desibeli 3 kweli. Lakini kapasita sasa inaona mzigo wa omu mara mbili, kwa hiyo midrenji inaanza kupokea kuanzia hezi 200 badala ya 400, inavamia kazi ya wufa. Ukishuka hatua moja, kapasita ya 13 iwe nusu: 6.5. Piga picha waya zote kabla ya kushika pasi ya kuchomelea.

Honi yenyewe ya midrenji ni alumini. Sikilizeni nikigonga kwa mgongo wa kijiko... "tiing". Sasa hii iliyovikwa: "tup". Nimetumia tepu ya lami, ile ya kuzibia mabati yanayovuja. Futa vumbi kwa spiriti, bandika kwa nje tu, bonyeza mpaka ishike. Ndani ya honi usiweke kitu. Dakika 20, kazi imeisha.

Na mashabiki wa Altec, ile kampuni nyingine ya spika za honi, nawaona mnakuja. Model 19 ni spika nzuri, honi yake ya 811 inaanza hezi 1200, na sauti ya mtu haikatwi sehemu nyingi. Lakini nayo inalia ukiigonga, dawa ni tepu ileile, na besi yake si honi, ni boksi lenye tundu. Kisha msichanganye na spika ndogo za kompyuta zilizobandikwa jina hilohilo miaka ya baadaye. Jina ni moja, kazi si moja.

Tangazo dogo: kuanzia mwezi huu video zinatoka Jumamosi asubuhi. Bonyeza kengele, usije ukaniuliza katikati ya wiki.

Heresy nilikuwa naitendea vibaya, naona. Kwa kweli kwa sebule nyingi za hapa, mita 3 kwa 4, ningeanza nayo. Nyumba zetu ni tofali na plasta, sakafu ni vigae. Kona ya ukuta wa namna hiyo ni ngumu, inairudisha besi yote ndani, na Heresy sakafuni karibu na kona inapata uzito ambao Mmarekani mwenye ukuta wa jipsamu hana. La Scala kwenye chumba hicho honi zake hazijaungana bado ulipokaa, unahitaji mita 3 kutoka kwenye spika. Na mizigo ya meli inakokotolewa kwa ujazo: jozi ya La Scala ni kama theluthi mbili ya mita moja ya ujazo kabla ya kufungwa, jozi ya Heresy ni kama moja ya saba ya mita hiyo. Halafu kuna gari la kutoka Dar es Salaam hadi huku.

Ila Heresy usiitoboe! Fundi atakuambia tundu linaleta besi. Wufa ile imepangiwa hewa iliyozibwa. Ukitoboa, chini ya masafa ya tundu koni inapepea bila kizuizi, koili inagonga. Heresy IV ya 2019 ina tundu, ndiyo, lakini wufa yake ilitengenezwa pamoja na tundu hilo. Ukitaka boksi lizibe vizuri, badili sponji jembamba chini ya fremu ya wufa na kaza skrubu kwa msalaba. Hata mlango wa chini wa La Scala ukivuja hewa, besi inapotea, uangalieni pia.

Habari njema kwa watu wa ziwani: ukingo wa koni za besi za spika hizi ni wa kitambaa, hauozi kama sponji. Lakini wadudu wa ziwani, wale wanaokuja kama moshi jioni, wanaingia kwenye honi zilizo wazi na kukaukia humo kwenye koo la honi. Weka kitambaa chepesi mbele. Kipime kwa kupuliza: pumzi ikipita bila kuhisi kizuizi, twita nayo itapita. Kitenge kizito hakifai.

Na ukisikia mlio wa "brrr" hata baada ya yote haya, kabla hujalaumu spika shika vioo vya luva na nondo za dirisha.

Haya, boksi la jana. Mchele uleule, kiganja kimoja, sauti ileile, sijagusa amplifaya. 120. 140. 150. 160... Punje chache pale kona ya nyuma zinacheza kidogo, mnaziona? Katikati pametulia kabisa. Wengine mtasema besi imepungua. Kilichopungua ni ule mkia. Nasimamisha boksi, napiga ngoma, kushoto la zamani, kulia lenye mihimili. Vaeni vipokea sauti, msisikilize kwa spika ya simu.