Zaidi ya mwaka mmoja na SHAP: kumjibu mteja aliyenyimwa mkopo

Nimetumia SHAP kwa zaidi ya mwaka sasa, kazini, kwenye taasisi ndogo ya mikopo hapa Mwanza. Ni programu huria, hailipiwi, inaendeshwa ndani ya lugha ya programu ya Python. Modeli, yaani programu iliyojifunza kutabiri kutokana na data za nyuma, ikishatoa utabiri, SHAP inakuonyesha kila kigezo kimeusogeza utabiri huo kwa kiasi gani na kuelekea upande gani. Nawaandikia wenzangu wa kazi hii, maana maelezo mengi niliyosoma yanaishia kwenye mchoro, na mimi shida yangu ilianza pale mchoro ulipokamilika.

Modeli yetu ni ya XGBoost, aina inayojumlisha miti mingi ya maamuzi (maswali ya ndiyo au hapana yanayofuatana), ina vigezo 24, na inakadiria uwezekano wa mteja kushindwa kurejesha mkopo. Inakisia vizuri kuliko fomu ya alama tuliyokuwa nayo zamani. Lakini afisa mikopo alikuwa anapewa namba tu. Mteja akiuliza kwa nini amekosa, anajibiwa "mfumo umekataa". Jibu hilo lilikuwa linaniumiza sana. Mtu amefunga biashara yake, amepanga foleni, ameleta wadhamini, halafu anarudishwa nyumbani na maneno mawili.

Wazo lililo nyuma ya SHAP ni la zamani. Mwaka 1953 mwanahisabati Lloyd Shapley alitafuta njia ya haki ya kugawana faida ya kazi iliyofanywa na kundi: kila mmoja apate wastani wa kile alichoongeza kwa kujiunga na wenzake, ukipitia mipangilio yote inayowezekana. Mwaka 2017 Scott Lundberg na Su-In Lee wa Chuo Kikuu cha Washington wakalileta wazo hilo kwenye ujifunzaji wa mashine kwa jina hili la SHAP. Wanakundi wakawa vigezo, faida ikawa utabiri. Vigezo 24 vinatoa makundi zaidi ya milioni 16, ila kwa modeli za miti ya maamuzi kuna njia ya mkato inayotoa hesabu kamili bila kuyapitia yote. Kwenye kompyuta yangu ya kawaida, wateja elfu kadhaa wanakwisha kabla chai haijapoa. Kwa modeli za aina nyingine kuna njia ya jumla, na hiyo ni ya polepole mno; niliijaribu, nikaiacha ikikokotoa usiku kucha.

Kabla ya SHAP nilijaribu LIME, zana nyingine ya kueleza utabiri wa modeli, iliyotoka 2016. Ni nyepesi kueleweka, lakini inategemea sampuli za bahati nasibu, na mteja yuleyule nilimpata na sababu tofauti nilipoiendesha mara ya pili. Siwezi kumpa mtu barua ambayo kesho ingesema kitu kingine.

Sasa nieleze siku iliyonifanya niiamini SHAP.

Mama mmoja anayenunua dagaa Ukerewe na kuwauza soko la Mwaloni, pale Kirumba, aliomba mkopo wa kuongeza mtaji. Modeli ikampa asilimia 35 ya uwezekano wa kushindwa kulipa, na kikomo chetu ni 25. Nikafungua mchoro wake. Unaanzia kwenye wastani wa wateja, asilimia 10 hivi, kisha inafuata mishale: myekundu inapandisha hatari, ya buluu inaishusha. Umri wa biashara yake, miaka tisa, ulimsaidia. Deni dogo alilokuwa nalo kwingine lilimpandishia kidogo. Halafu kuna mshale mmoja mwekundu mrefu kuliko yote: siku mfululizo bila mapato. Miamala yake ya simu ilionyesha kwamba kila mwezi kuna siku nane au tisa ambazo pesa haiingii kabisa.

Afisa mikopo akampigia, simu ikiwa kwenye spika, nami nipo.

"Shikamoo mama. Tunaona kila mwezi kuna siku kama nane hivi huingizi kitu. Huwa kuna nini?"

"Marahaba mwanangu. Hizo si mbalamwezi? Nani anavua dagaa mbalamwezi?"

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta juu ya maji. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, mitumbwi inakaa ufukweni, na mnyororo mzima hadi Mwaloni unapumzika. Hapa Mwanza hata mtoto anajua. Modeli haikujua, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza mpaka mshale ule ulipojitokeza.

Kilichofuata ndicho kilichonifundisha zaidi, na ndicho ningependa kila anayeanza na SHAP akijue mapema. SHAP humlinganisha mteja na kundi fulani, na kundi hilo unalichagua wewe. Mimi nilikuwa nimechukua sampuli ya wateja wote, ambao wengi ni watu wa mshahara. Nikaiondoa, nikaweka wauza dagaa peke yao. Mshale mrefu ukafutika karibu wote! Utabiri haukubadilika, ulibaki asilimia 35 ileile. Kilichohama ni mahali pa kuanzia, kutoka 10 hadi kukaribia 30. Yaani modeli ilikuwa inawaona wauza dagaa wote kuwa watu wa hatari kwa sababu ya mwezi angani, wakati wale wachache tuliowahi kuwakopesha walikuwa wamelipa vizuri. Mchoro wa kwanza ulimsukumia lawama mama yule. Wa pili ulituonyesha kuwa kasoro iko kwenye kigezo chetu. Kihesabu, yote miwili ni sahihi. Kwa hiyo usiwahi kumwonyesha mtu mchoro bila kujua amelinganishwa na nani.

Kigezo tukakibadilisha: sasa tunaangalia kama ukimya wa mwezi huu unafanana na wa miezi iliyopita. Ombi la mama likapitiwa upya na watu, akapata mkopo wake.

Kasoro zipo. Vigezo vinavyokwenda pamoja hugawana sifa kwa namna inayopotosha. Kwetu kiasi cha mapato na idadi ya miamala ni kama pacha. Ukiondoa kimoja, mshale wa mwenzake unarefuka. Pia SHAP inaeleza tabia ya modeli, haisemi nini kinasababisha nini duniani. Kwenye kikao mtu alipendekeza tuwaandikie waliokosa "ongeza miamala yako". Nilikataa kabisa. Watu wangeanza kuzungusha pesa kati ya laini zao mbili, wakatwe makato bure, na uwezo wao wa kulipa ubaki palepale.

Jambo jingine ni vipimo. Kwa modeli kama yetu namba za mishale, usipobadilisha chochote, hutoka kwenye kipimo cha logariti, si kwa asilimia. Mshale wa mama yule ulikuwa 1.31, na afisa mmoja akausoma kama asilimia moja na kitu, akaona ni jambo dogo. Tangu siku hiyo maafisa hawaoni namba wala mchoro. Wanaona sentensi.

Sentensi hizo tuliziandika wenyewe, moja kwa kila kigezo, tukazisoma kwa sauti mbele ya wateja na kufuta kila neno lililowakwaza. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko programu yote. Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayogusa pia maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake, hivyo mwanasheria wetu naye alikaa nasi.

Kama modeli yako ni ya miti na una mtu anayewajua wateja kwa karibu, ichukue SHAP bila wasiwasi. Kama huna mtu huyo, mtafute kwanza.

Barua yetu kwa aliyekosa mkopo ina sababu tatu tu, zile zenye mishale mirefu zaidi. Ya mama yule, kwa kigezo kile cha zamani, ingeandikwa hivi: "Taarifa zako zinaonyesha kwamba kila mwezi kuna siku nane au zaidi mfululizo zisizo na mapato. Kama kuna sababu, tueleze hapa." Chini yake kuna mistari mitatu mitupu. Barua zinarudi zikiwa zimejazwa kwa kalamu: msimu wa pamba umekwisha, shule imefungwa na kantini haiuzi, nilikuwa na msiba nyumbani.